Damu ya Fidi

Jumapili, 2 Mei

Miaka mitatu, Muireann. Krismasi tatu, Pasaka tatu, na wewe una miguu miwili na pasipoti. Usiniambie New Zealand ni mbali. Najua ni mbali, nimeiona kwenye ramani ya mjomba wako Donie, iko chini kabisa kama kitu kilichodondoka mfukoni. Lakini ndege si zinaruka? Au huko zinaruka za kwenda tu, za kurudi zimekatazwa? Haya. Kwa vile hutaki kuja kusikia, utasoma. Nimenunua daftari, na nitaandika mpaka liishe au mpaka uone aibu.

Hati yangu ikiwa mbaya mlaumu mwalimu. Mimi shule niliipita kwa nje tu, nikipeleka maziwa. Wewe ndiye uliyeniketisha pale mezani jikoni nikiwa na miaka sitini na minne, ukanifundisha herufi kwa karatasi za mbio za mbwa, maana vitabu vya watoto vilinitia usingizi.

Fidi ni mzima. Nano ni mzima. Unakumbuka ulivyowanyonyesha mbwa hao kwa chupa mama yao alipokufa, mmoja kila kwapa? Sasa Fidi akisimama ananifika kiunoni. Kwenye karatasi za uwanja wanamwita Ballykeel Fidelma, kama mke wa waziri. Siku unaondoka uliniambia getini, "Bibi, nitunzie huyu mpaka nirudi." Namtunza. Wewe je, unarudi?

Jumatatu, 3 Mei

Mvua. Mbwa ndani. Donie kaunguza viazi.

Jumamosi, 8 Mei

Leo Fidi kakimbia majaribio uwanjani, yeye peke yake na sungura wa bandia. Yadi mia tano ishirini na tano kwa sekunde ishirini na nane na nukta themanini. Donie alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Pakie Looby alikuwa ameegemea uzio. Unamjua jirani yetu, mbwa kumi na mmoja na hana hata mmoja anayejua kona iko upande gani. Akaniuliza, "Nonie, huyo unamlisha nini, petroli?"

"Namlisha mbwa wako," nikamwambia. "Wahesabu ukifika nyumbani."

Jumatano, 19 Mei

Mzee Tuohy, daktari wa wanyama, tulimzika Februari, nilikuambia kwenye simu. Badala yake ameletwa msichana, Ríona Heneghan, mwembamba, viatu safi, anabisha hodi hata kwenye zizi. Jana alikuja kutibu ukucha wa Nano uliopasuka, akaomba achukue damu ya mbwa wote wawili, bure, apate kuwajua wagonjwa wake. Nikamruhusu. Leo karudi na karatasi, sura ya matangani.

"Mama Quilty, huyu Fidi amekaukiwa maji mwilini. Damu yake nzito mno. Chembe nyekundu zimefika sitini na mbili katika mia, wakati mbwa wa kawaida ni arobaini na tano. Tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango. Halafu hii hapa, inayopima figo, ni mia na hamsini. Haitakiwi kuzidi mia na ishirini."

"Mwanangu, umewahi kumwona mbwa wa mbio?"

"Chuoni tuliwaona."

"Mliwaona wapi, kwenye picha ukutani?"

Donie akanipiga teke chini ya meza. Sikujali. Nilimweleza kama Tuohy alivyonieleza mimi, miaka thelathini iliyopita, siku aliyozungusha damu ya mbwa wetu kwenye kijichupa cha kioo akanionyesha ile nyekundu ilivyopanda juu ya nusu. Huyu mnyama ameumbwa kwa ajili ya nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo hana nafasi ya kuhema vya kutosha, kwa hiyo Mungu kamjazia chembe nyekundu kabla, maana ndizo zinazobeba pumzi. Damu nzito si kiu, ni akiba. Namba ya figo iko juu kwa sababu ya nyama: kila msuli unamwaga taka yake kwenye damu, na huyu ni msuli mtupu, mafuta hana hata ya kukaangia yai. Na tezi hiyo ya kiwango cha chini wamezaliwa nayo ukoo mzima.

"Mbwa wa kwenye kochi mpime kwa kipimo cha kochi," nikamwambia. "Huyu ni mbwa wa mbio."

Akawa mwekundu hadi masikioni, akakunja karatasi yake, akaenda.

"Mama, ulimwumiza," akasema Donie.

"Atapona. Bado ana damu changa."

Ijumaa, 21 Mei

Ríona karudi na keki ya matofaa. Kasimama mlangoni. "Nimesoma usiku wote, Mama Quilty. Ulikuwa sahihi. Yote matatu." Muireann, sijawahi kuambiwa neno hilo na mtu aliyesoma. Nilijisikia mrefu kama mnara wa kanisa. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamlazimisha kipande cha pili cha keki yake mwenyewe. Si mtoto mbaya.

Akaomba achukue damu ya Fidi kila mwezi. "Tujue ya kwake mwenyewe ikoje akiwa mzima. Kitabu kina mbwa wengine, hakina Fidi. Tukijua ya kwake, ikibadilika tutaona."

Nikamwambia damu ya Fidi haihitaji karani. Tukacheka wote.

Jumapili, 6 Juni

Umepiga simu! Sauti yako kama uko ndani ya ndoo. Nilipokuambia Fidi kaingizwa kwenye mashindano ya kiangazi, ukauliza raundi ngapi. Mbili, nusu fainali, fainali. Fainali Jumamosi tarehe ishirini na nne Julai.

"Akifika fainali nakuja, Bibi. Nakuapia. Nitaomba likizo."

Nilipoweka simu nilikaa kwenye ngazi mpaka Donie akadhani nimeanguka. Nimeizungushia tarehe duara kwenye kalenda. Nimelizungusha tena kwa kalamu nzito zaidi.

Jumamosi, 12 Juni

Raundi ya kwanza. Wa kwanza, kwa urefu wa mbwa watatu. Pakie aligeukia soseji yake.

Jumatano, 16 Juni

Joto.

Jumamosi, 19 Juni

Joto. Wiki ya pili bila tone. Watu wamekata nyasi mapema. Nimefua mashuka ya chumba chako, yamekauka kabla sijarudi jikoni.

Jumapili, 27 Juni

Jana ilikuwa raundi ya pili. Kashinda, kwa kichwa tu. Hilo kwanza, ili usihangaike.

Sasa mengine. Saa moja jioni jua letu la kiangazi lilikuwa bado linachoma, na mchanga wa uwanjani ulikuwa mgumu kama barabara. Fidi alitoka kwenye sanduku la kuanzia vizuri, akashika kona ya kwanza, lakini kwenye nyoosho la mwisho, pale njia inaponyooka kuelekea mstari, nilimwona anavuta. Mbwa anayevuta ana mabega tofauti, utadhani anakimbia ndani ya maji. Donie alipomleta garini mgongo wake ulikuwa umekakamaa kama ubao, misuli ya mapaja inarukaruka peke yake chini ya ngozi, mdomo wazi, macho hayanioni. Kisha akachutama akakojoa, na ule mkojo, Muireann, ulikuwa wa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.

Niliujua. Nimeuona mara mbili maishani. Mbwa akikimbia kushinda pumzi yake, msuli unaungua bila hewa na kumwaga uchachu kwenye damu. Mbwa mzima uchachu huo unamtoka kwa saa moja ya kutembezwa. Ukizidi, na joto likiwepo, msuli wenyewe unapasuka, na rangi yake yote inateremka kupitia kwenye figo. Nilimfunika kwa magunia mabichi, nikampa maji yenye glukosi kidogo kidogo kwa kiganja, nikamtembeza nyuma ya maegesho. Kila mara nilimwita jina lake la nyumbani, maana lile la mke wa waziri halijui.

Pakie akatufuata. Akatoa kikopo mfukoni. "Magadi, Nonie. Kijiko kimoja kabla ya mbio, uchachu wote unakufa. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na mkojo wake utawaambia wapimaji."

"Wewe na utakatifu wako! Watakuzika nao."

"Bora nizikwe nao kuliko kuzikwa pamoja na wewe. Toa kopo lako hapa."

Sijawahi kumtilia mbwa kitu, nawe unajua. Ushindi wangu wote ni safi. Leo mchana mkojo umekuwa wa njano tena, kala nusu ya uji wake wa shayiri na nyama. Nimeshukuru misani.

Jumanne, 29 Juni

Donie ndiye aliyemwita Ríona, bila kuniuliza. Damu ikachukuliwa jana. Leo kaja, safari hii hakubisha hodi.

"Mia mbili na sitini, Mama Quilty. Ile ya figo."

"Mbwa wa mbio huyo."

"Mei alikuwa mia na hamsini. Hiyo ndiyo yake. Hii si yake. Na chembe nyekundu ni sitini na nane, hapo kweli maji yamepungua."

"Mei pia ulikuja na sura hiyohiyo."

Akaikunja karatasi. Nilijua nimempiga palepale penye kidonda, na sikuondoa mkono. Akaanza kusema polepole: huenda ni joto, huenda ni msuli uliopasuka, huenda itashuka yenyewe, hana hakika. Lakini apumzike wiki sita, anywe, apimwe tena Ijumaa.

"Wiki sita ni katikati ya Agosti."

"Najua."

"Fainali ni tarehe ishirini na nne Julai. Mjukuu wangu anakuja."

"Mimi nasema habari ya figo zake."

"Na mimi nasema habari ya mjukuu wangu. Daktari aliyekutangulia, Mungu amrehemu, aliniambia: Nonie, usimruhusu mtu akutishe na damu ya hawa. Utanitisha wewe, mwenye miezi minne kwenye hii kazi?"

Akamtazama Donie. Donie akatazama chini. Ríona akafunga mkoba. "Basi angalau wiki mbili asikimbie hata shambani," akasema. Hilo nikalikubali, nikizihesabu tangu siku ya mbio. Nusu fainali ni tarehe kumi.

Ulipopiga simu jioni nikakuambia ni mzima wa chuma.

Ijumaa, 2 Julai

Ríona kaja kupima. Nimemwambia mbwa amelala. Fidi alikuwa amesimama nyuma yangu, anamtazama.

Jumapili, 4 Julai

Fidi anakunywa sana. Ndoo nzima tangu asubuhi. Joto.

Jumatatu, 5 Julai

Ndoo mbili.

Jumanne, 6 Julai

Kaacha nyama. Nano ndiye aliyeila. Nimempikia kuku, kalamba mchuzi, kalala. Donie kasema, "Mama, mtoe kwenye mashindano." Nimemwambia kama anaona mbwa ni mgonjwa aende kwa Padre akamwombee, mimi nina kazi. Kaenda jikoni. Kaosha vyombo vyote, hata visafi.

Alhamisi, 8 Julai

Kala vizuri leo! Sahani nzima. Nilimwita Donie aje aone sahani.

Jumamosi, 10 Julai, usiku

Wa pili. Kaingia fainali!

Aliongoza mpaka nyoosho la mwisho. Kapitwa karibu na mstari, lakini wa pili anatosha, wanachukuliwa watatu. Pakie alinibeba juu, mzee yule, karibu anivunje mbavu. Mkojo haukuwa mweusi. Haukuwepo kabisa, lakini kachoka tu, atakojoa asubuhi. Nimekupigia huko kwenu kumekucha, ukapiga kelele, ukasema unakata tiketi leo leo. Uwanja wa ndege wa Shannon, tarehe ishirini na mbili. Nimeweka chupa ya maji moto kitandani kwako ingawa ni kiangazi, nione tu kama kingali kinapata joto.

Jumapili, 11 Julai

Sikwenda misani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda bandani na maziwa. Nano alikuwa mlangoni, hakurukia ndoo. Fidi alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikamwita, akapiga mkia mara moja sakafuni. Nikaingiza mkono chini ya tumbo nimwinue, akasimama kama meza mbovu, akaanguka juu yangu. Mdomo wake ulinuka. Harufu hiyo siwezi kukuandikia, ni kama mkojo uliolala kwenye kitambaa. Majani anayolalia yalikuwa makavu, Muireann. Makavu kabisa. Tangu jana jioni hakutoka hata tone.

Nilipiga kelele Donie aje. Alimbeba hadi meza ya jikoni, palepale uliponifundishia kusoma. Ríona alifika baada ya dakika ishirini, nywele hajachana, kavaa viatu vya ndani. Hakuuliza kitu. Alinyoa mguu, akachoma sindano, damu ikatoka polepole, nyeusi, nzito. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nikasikia nasema, kwa sauti yangu hii hii, "Damu yao huwa nzito." Ríona akafunga kichupa.

Siku hizi ana mashine ndogo kwenye gari. Tulingoja. Donie alichemsha maji ya chai, akasahau kutia majani, tukanywa hivyohivyo. Aliporudi alikaa kwanza.

"Mia tisa na arobaini."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno tayari, lile langu la siku zote, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Nikaliacha hapo.

"Na potasiamu imepanda sana," akasema, "hiyo ndiyo itakayousimamisha moyo. Nitamwekea dripu. Nitajaribu, Mama Quilty. Lakini figo zilikuwa zimeumia tangu ile raundi ya pili, na jana ndiyo imezimaliza."

"Tangu ile karatasi ya mia mbili na sitini?"

"Tangu hapo."

"Angepumzika?"

Akalichukua bomba la dripu. Nilimwambia, "Binti, mimi ni mzee, sina muda wa kubembelezwa. Angepumzika, je?"

"Huenda angepona," akasema. "Asingekimbia tena labda. Lakini angekuwepo." Kisha akaanza kulia yeye, huku anafunga bomba la dripu, machozi yanamwangukia mbwa shingoni. "Ningekuzuia. Nilijua namba ile si yake. Niliogopa nisije nikakosea mara ya pili mbele yako."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya Mei, na sura niliyokuwa nimemwonyesha. Nilikuwa sahihi mara moja, nikamfunga mdomo kwa hilo. Nilimpangusa kwa aproni yangu. 

Jumatatu, 12 Julai

Dripu. Hajakojoa. Namlaza juu ya koti langu. Ríona kalala kwenye kiti chako.

Jumanne, 13 Julai

Kijiko kimoja cha mkojo. Tulishangilia kama wendawazimu, sisi watatu, juu ya kijiko. Mashine inasema elfu moja na sitini.

Jumatano, 14 Julai

Anatetemeka. Vidonda kwenye ulimi. Nano analia bandani mchana kutwa. Umepiga simu, nimemwambia Donie aseme niko kwa jirani. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nasikia kicheko chako.

Alhamisi, 15 Julai

Saa tatu asubuhi Ríona kaniangalia nami nikaitikia kwa kichwa. Nilimshika Fidi mimi mwenyewe. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Dawa ya kumpumzisha ilikuwa ya rangi ya buluu. Kichwa chake kikawa kizito kwenye mkono wangu, na uzito ule nauhisi hadi sasa ninapoandika kwa mkono huohuo.

Ardhi ilikuwa ngumu, Donie alipiga sururu mara tatu akakaa chini. Nikasikia geti. Alikuwa Pakie, na koleo lake, hakuna aliyemwita. Alichimba saa mbili bila kufanya mzaha hata mmoja. Alipomaliza alivua kofia, akasema, "Alikuwa mbwa bora kuliko wote niliowahi kuwaona, Nonie," akaenda zake. Miaka arobaini nimemdharau mtu yule.

Ijumaa, 16 Julai

Nimekupigia. Nimekuambia kaumia mguu, katolewa kwenye mashindano. Ukasema, "Pole, Bibi. Basi tiketi nitairudisha, nitakuja mwakani, kazini kwenyewe walikuwa wananung'unika." Nikasema sawa, mwanangu, kazi ni kazi. Ukauliza, "Mguu upi?" Nikasema wa kushoto.

Jumamosi, 24 Julai

Fainali leo. Mvua imeanza saa sita, ya kwanza tangu Mei, na haijaacha. Donie kaangalia matokeo kwenye runinga bila sauti. Nilikuwa kitandani kwako, juu ya shuka nililofua.

Agosti

Sina cha kuandika. Mvua.

Jumapili, 22 Agosti

Nimemfokea Padre. Alisema ni mbwa tu.

Jumapili, 12 Septemba

Leo nimemwita Ríona mwenyewe. Nimemwambia alete karatasi zote tatu. Alikataa kwanza, akadhani nataka kujitesa. Nikamwambia nataka kusoma.

Kazipanga mezani moja kando ya nyingine. Nimevaa miwani.  Nikaweka kidole: mia na hamsini. Mia mbili na sitini. Mia tisa na arobaini. Muireann, namba nazijua! Herufi zinanisumbua hadi leo, lakini namba ulinifundisha kwanza, kwa sekunde za mbwa, na hujawahi kunikuta nimekosea. Kama Juni ningeichukua ile karatasi mkononi badala ya kuitazama sura ya aliyeileta, ningeona. Mtu asiyeenda shule angeona. Mwaka mzima namtazama mbwa kwa saa ya mkononi, najua akipungua nukta kumi, nasema leo kuna kitu. Kwenye damu alipanda zaidi ya mia nzima nikasema ni kawaida yao.

Tuohy hakukosea, huyu binti hakukosea. Nilitaka fainali. Nilikutaka wewe. Nilikuwa nimezungusha duara kwenye kalenda, na nikamkimbiza mtoto wako ndani ya duara hilo mpaka akafa.

Mguu haukuumia, Muireann. Kushoto wala kulia.

Jumatano, 22 Septemba

Ríona kachukua damu ya Nano. Hatakimbia mashindano, atakimbia shambani akitaka, lakini nataka tujue ya kwake ikoje akiwa mzima. Kazi ikawa ngumu. Nilipomshika kichwa mikono yangu ilianza kutetemeka, Nano akaogopa, akajivuta. Donie alikuwa ametoka nje, hawezi kuona sindano tangu Julai. Ríona kachoma mara tatu. Chembe nyekundu sitini. Figo mia na arobaini na tano. "Hiyo ni yake," akasema, na nimeiandika ukutani bandani kwa chaki, na tarehe. Kuanzia Oktoba atampima kila Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Nilidhani nitajisikia nafuu. Sikujisikia kitu. Bakuli la Fidi sijaliondoa, na asubuhi bado najaza mawili.

Jumapili, 26 Septemba

Daftari limebaki kurasa nyingi lakini mimi nimeishiwa. Kesho Donie analipeleka posta. Usinipigie simu kabla hujafika ukurasa huu. Ukishafika, na ukiona huwezi kunipigia, nitaelewa.

Fainali hakuna tena, hakuna cha kuja kutazama. Kwa hiyo sikuambii mwezi gani. Ukija, iwe Jumanne ya kwanza ya mwezi, kabla ya saa nne asubuhi, maana saa nne ndipo Ríona anapokuja na sindano. Usipitie mlango wa mbele, wala usinisalimie kwanza, sitastahimili. Pita moja kwa moja bandani. Nawa mikono kwa maji ya moto asishtuke kwa baridi, piga goti majanini, mshike Nano kichwa kwa mikono miwili, kidole gumba nyuma ya sikio, mwongeleshe chochote, na usimwachie mpaka kichupa kijae.